Kanuni Zinazoandikwa Kabla ya Theluji Kuanguka

Tarehe 13 Februari 2014, katika milima ya Rosa Khutor iliyo juu ya mji wa Sochi, Wamarekani watatu walisimama pamoja kwenye jukwaa la washindi wa slopustaili, mchezo ambao mwanaskii huteremka mteremko uliopangwa vyuma vya kutelezea na vilima vya kurukia, na waamuzi wakampa alama kwa kadiri ya ugumu na uzuri wa ayatendayo. Nick Goepper alipata shaba, Gus Kenworthy alipata fedha, na dhahabu ilikwenda kwa Joss Christensen, kijana wa Park City katika jimbo la Utah, aliyekuwa amefiwa na baba yake miezi michache kabla, na ambaye siku ile alipewa alama 95.80. Magazeti yalishangilia ushindi wa nchi moja kuzoa medali zote tatu, na ilikuwa haki yao kushangilia. Walakini jambo lililostahili kutazamwa kwa makini zaidi lilikuwa limekwisha kutendeka mwezi mmoja nyuma, mbali na Sochi, pale Christensen alipotiwa katika timu ile ya watu wanne, akiwa wa mwisho kutiwa, kwa hiari ya makocha. Na Tom Wallisch, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huohuo huko Voss, Norway, mwaka 2013, aliachwa nyumbani.

Asomaye habari hiyo juujuu atasema kwamba makocha wa Marekani walikuwa na jicho la kuona yaliyofichika, na ya kwamba dhahabu imewapa ithibati. Nawastahi makocha hao, lakini hoja hiyo siwezi kuiafiki. Medali huja baada ya uteuzi, na uteuzi hufanywa na watu wasioijua kesho; lau Christensen angeanguka katika mruko wake wa kwanza, kama waangukavyo mabingwa wakubwa karibu kila wiki katika mchezo huu, uteuzi wake usingegeuka kuwa dhuluma kwa sababu hiyo, wala haukuwa haki kwa sababu ya kuwa alishinda. Haki ya uteuzi, kwa rai yangu, hukaa katika karatasi ambayo shirikisho la nchi limeiandika na kuitangaza kabla ya msimu kuanza, ikabainisha nani atachukuliwa kwa hesabu ya matokeo, nani atachukuliwa kwa hiari ya makocha, hiari hiyo inaongozwa na mambo gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kuitumia. Karatasi hiyo ikiwapo na ikafuatwa, mchezaji aliyeachwa atahuzunika, lakini hatakuwa amedhulumiwa. Isipokuwapo, hata aliyechaguliwa hana uhakika kwamba amechaguliwa kwa istihaki yake.

Ili msomaji aone kwa nini karatasi hiyo ni ngumu kuandikwa, hana budi kwanza kujua kwamba skii ya mtindo huru ni michezo kadhaa iliyokusanywa chini ya jina moja. Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, ambalo liliundwa Chamonix mwaka 1924, liliutambua mtindo huu mwaka 1979 tu. Kombe la Dunia likaanza mwaka 1980, na mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yakafanyika Tignes, Ufaransa, mwaka 1986. Katika Olimpiki ya Calgary ya 1988 ulionyeshwa bila medali. Kisha ukaingizwa kidogo kidogo: vichuguu, ambapo mwanaskii hushuka kwa kasi katikati ya matuta ya theluji yaliyopangwa kwa karibu, vikaingia Albertville mwaka 1992, miruko ya angani, ambapo mtu hurushwa juu na kilima kilichochongwa, akapinduka na kujizungusha kabla ya kutua, ikaingia Lillehammer mwaka 1994, ski krosi, ambayo ni mbio za watu wanne wanaoshuka bega kwa bega, ikaingia Vancouver mwaka 2010, hafupaipu, yaani mfereji mkubwa wa theluji wenye kuta mbili zilizosimama, pamoja na slopustaili, zikaingia Sochi, na mruko mkubwa mmoja ukaongezwa Beijing mwaka 2022.

Tazama basi tofauti iliyopo. Katika ski krosi saa na mstari wa mwisho humaliza ubishi. Katika vichuguu, alama hugawanywa sehemu 60 katika mia kwa ufundi wa kugeuka, 20 kwa miruko miwili na 20 kwa kasi, kwa hiyo mwenye kasi kupita wote aweza kushindwa. Katika miruko ya angani alama za waamuzi huzidishwa kwa kiwango cha ugumu wa mruko ambao mshindani ameutangaza kabla ya kuondoka. Na katika slopustaili waamuzi huihukumu kwa macho safari nzima ya mwanaskii. Nayo hutegemea upepo, mwanga, na namna wajenzi wa uwanja walivyovichonga vilima asubuhi ile. Mtu aweza kuwa wa pili leo na wa ishirini wiki ijayo, na ustadi wake ukawa ni uleule. Ndiyo sababu hesabu ya matokeo, ambayo katika mbio ni hakimu wa kutegemewa, katika michezo ya kuhukumiwa kwa macho ni shahidi tu, tena shahidi ambaye mara nyingine amesahau.

Sasa tuje kwenye nafasi zenyewe. Wengi hudhani kwamba mwanaskii ajipatiaye nafasi ya Olimpiki hujipatia yeye mwenyewe, sivyo. Nafasi ni mali ya nchi. Kwa Michezo ya Beijing ya 2022, FIS ilikuwa na nafasi 284 za mtindo huru, 142 za wanaume na 142 za wanawake, na kwa kila jinsia zikagawanywa hivi: vichuguu 30, miruko ya angani 25, ski krosi 32, hafupaipu 25, na 30 kwa slopustaili na mruko mkubwa kwa pamoja. Matokeo ya Kombe la Dunia, ambapo mshindi hupata alama 100, wa pili 80, wa tatu 60, na kuendelea kupungua, yalikusanywa pamoja na ya mashindano ya ubingwa wa dunia katika muda ulioanza Julai 2020 ukaishia katikati ya Januari 2022, yakatengeneza orodha moja kwa kila mchezo. Kisha orodha ikasomwa kutoka juu kwenda chini: jina la kwanza huipa nchi yake nafasi moja, la pili huipa nchi yake nafasi moja, na hivyo hivyo, mpaka nchi itakapofikisha nafasi 4, ambazo ndizo kikomo kwa kila mchezo, tangu hapo jina jingine la nchi hiyo likitokea hurukwa, ijapokuwa mwenye jina ni wa sita duniani, na nafasi ikashuka kwa mtu wa nchi nyingine, pengine wa arobaini. Orodha ikiisha kusomwa, FIS huziandikia kamati za Olimpiki za mataifa, ikaziambia: ninyi mna nafasi tatu, ninyi mna moja. Jina la mtu halimo katika barua hiyo. Kamati na shirikisho la nchi ndizo zitakazoamua nani aandikwe, maadamu anayeandikwa ametimiza kiwango cha chini kilichowekwa. Na aliyeipatia nchi ile nafasi kwa jasho lake aweza kuachwa, akapelekwa mwingine.

Hapo ndipo taabu ya mataifa yenye wachezaji wengi inapoanza, na Waswahili wa Kenya hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani wameliona katika marathoni. Mwaka 2012 Patrick Makau, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya saa 2:03:38 huko Berlin mwaka uliotangulia, hakuwamo katika timu ya Kenya iliyokwenda London, kwa sababu nchi haina zaidi ya nafasi tatu na wenye kustahili walikuwa kadhaa. Walikwenda Abel Kirui, Wilson Kipsang na Emmanuel Mutai, wakarudi na fedha na shaba, na dhahabu ikachukuliwa na Stephen Kiprotich wa Uganda. Marekani katika hafupaipu na slopustaili, Kanada katika vichuguu, na Uswisi katika miruko ya angani na ski krosi, ziko katika hali ya namna hiyo: kushindania jina ndani ya nchi yako ni kazi ngumu kuliko kushindania nafasi ya fainali ukishafika.

Wamarekani hulitatua jambo hili kwa njia mbili zilizochanganywa. Kabla ya msimu hutangaza mfululizo wa mashindano yatakayohesabiwa kuwa ya uteuzi, na mchezaji huchukuliwa kwa matokeo yake yaliyo bora katika mfululizo huo, si kwa wastani wa yote, ili mtu mmoja aliyeanguka siku ya upepo asihukumiwe kwa siku hiyo. Wenye kufikia kiwango hujaza nafasi za kwanza kwa hesabu tupu, na hakuna kocha awezaye kuwaondoa. Nafasi inayobaki huachiwa jopo la makocha. Katika majira ya baridi ya 2013 hadi 2014 Goepper na wenzake wawili waliingia kwa hesabu, na shindano la mwisho likafanyika Park City, nyumbani kwa Christensen, naye akashinda. Hapo makocha wakamwona mtu anayepanda, wakaitumia hiari yao kwake. Wallisch alikuwa na jina kubwa na taji la mwaka jana, lakini msimu ule haukumwendea vyema. Uamuzi ulikuwa mchungu, lakini mtu angeweza kuusoma kutoka katika karatasi na kuona ulikotoka. Tena mchezaji wa Marekani ana mahali pa kukimbilia: sheria ya michezo ya ridhaa iliyopitishwa nchini humo mwaka 1978 inampa haki ya kudai kusikilizwa na msuluhishi iwapo anaona amenyimwa fursa ya kushiriki kinyume cha kanuni. Kanada nayo ina chombo maalumu cha kusuluhisha ugomvi wa michezo, nacho huketi upesi, kwa sababu shauri la uteuzi lisilokatwa kabla ya siku ya kuandikisha majina limekwisha kukatwa na kalenda.

Kuna ugumu mwingine ambao waandishi wa michezo huupita bila kuugusa, nami naona ndio uliojaa mambo kuliko wote. Huko Beijing nchi moja haikuruhusiwa kupeleka zaidi ya wanaume 16 na wanawake 16 katika mtindo huru wote. Hesabu si ngumu: makundi matano ya nafasi, kila moja likiwa na kikomo cha watu 4, yangefanya watu 20 kwa kila jinsia. Kwa hiyo taifa lenye nguvu katika michezo yote haliwezi kuzijaza nafasi zake zote. Ni lazima liache wanne. Aachwe nani? Wa nne katika vichuguu, ambaye labda ni wa kumi na mbili duniani lakini hana tumaini kubwa la medali mbele ya wenzake watatu? Au wa nne katika hafupaipu, aliye wa tisa, katika mchezo wenye washindani wachache? Wa ski krosi aliyevunjika mkono Desemba na akarudi Januari? Watu hawa hawajawahi kushindana wao kwa wao hata siku moja, wala hawawezi, kwa kuwa mmoja hupimwa kwa saa na mwingine kwa macho. Kuwalinganisha ni kama kumpima mvuvi na mkulima kwa kibaba kimoja. Na hata hivyo hawana budi kulinganishwa, kwa kuwa orodha ya kuandikisha ina mistari 16, si 20.

Mashirikisho hutafuta kipimo cha pamoja, na aghalabu hukipata katika nafasi alizoshika mchezaji katika Kombe la Dunia: aliyefika tatu bora mara mbili humtangulia aliyefika mara moja, na huyo humtangulia aliyefika nane bora, bila kujali ni mchezo gani. Kipimo hiki kina fadhila ya kuwa wazi, lakini si cha insafu kamili. Kufika nane bora katika vichuguu, ambamo makumi ya wanaskii hodari hujitokeza kila juma, si sawa na kufika nane bora katika hafupaipu ya wanawake, ambamo pengine washindani hawafiki ishirini. Mimi ningependa mashirikisho yahesabu pia idadi ya walioshindana, na ubora wao, badala ya kutazama tarakimu ya nafasi peke yake. Tena tangu Beijing limeingia jambo jipya, nalo ni shindano la timu la miruko ya angani, lenye watu watatu wa jinsia zote mbili. Wamarekani Ashley Caldwell, Christopher Lillis na Justin Schoenefeld ndio walioshinda dhahabu hiyo ya kwanza. Tangu hapo taifa lenye wanaume wawili wazuri wa angani na mwanamke mmoja lina sababu ya kuwapeleka wote hata kama mmoja wao peke yake asingestahili, kwa kuwa bila yeye timu haitimii; na nafasi yake hutoka kwa mtu wa vichuguu au wa slopustaili ambaye hana habari kwamba shindano la timu la mchezo usio wake limemfungia mlango. Mtu huyo anastahili kuambiwa mapema. Mstari mmoja katika karatasi ya kanuni ungetosha.

Hadi hapa nimesema juu ya mataifa yenye wachezaji wengi. Upande wa pili wa mizani wako wale ambao shida yao ni kukifikia kiwango cha chini. Huko Pyeongchang mwaka 2018, Elizabeth Swaney, mzaliwa wa Marekani aliyeiwakilisha Hungary kwa asili ya babu na bibi zake, alishuka katika hafupaipu ya wanawake bila kujaribu miruko ya hatari, akapanda ukuta na kushuka, akapanda na kushuka, akamaliza wa 24 kati ya washindani 24. Dunia ilimcheka sana. Sioni haki ya kicheko hicho. Kanuni zilidai mshindani awe amewahi kumaliza katika 30 bora wa Kombe la Dunia au ubingwa wa dunia, na awe na alama kadhaa za FIS; naye alisafiri msimu baada ya msimu kwa gharama zake, katika mashindano ambayo mara kadhaa walioandikishwa hawakufika 30, akamaliza bila kuanguka pale wengine walipoanguka, akakusanya alichotakiwa kukusanya. Alitii kila neno lililoandikwa. Ikiwa kuna taksiri, ni ya walioandika kwamba 30 bora ni kipimo cha ustadi pasipo kuuliza ni 30 kati ya wangapi. Hii ndiyo hasara ya kanuni isiyo na jicho: humpokea kila aliyeisoma vizuri.

Basi kama hesabu peke yake imempeleka Swaney, na jicho la makocha limempeleka Christensen, je, haifai tuwaachie makocha kazi yote? Jibu lilipatikana majuma hayohayo ya Sochi, katika shauri la hafupaipu. Daniela Bauer, mwanaskii wa Austria, alitimiza kiwango cha FIS, na ikatokea kwamba Austria imepata nafasi moja ya hafupaipu ya wanawake. Nafasi ipo, mtu yupo, na nchi haikuwa na mwingine wa kumpeleka. Shirikisho la skii la Austria likakataa kumpendekeza, kwa hoja kwamba ustadi wake haukufikia daraja ya kushindana na walio bora. Bauer akaenda mbele ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, ambayo tangu Olimpiki ya Atlanta ya 1996 huweka waamuzi wake katika mji wa Michezo ili mashauri yakatwe kwa muda wa saa badala ya miezi. Mwanzoni mwa Februari 2014 ombi lake likakataliwa: waamuzi waliona kwamba hakuwa na haki ya kisheria ya kudai apendekezwe, na ya kwamba sababu za shirikisho, ijapokuwa ni za maoni, zilikuwa za kimichezo na hazikuwa za kionevu. Lakini waamuzi haohao walitia neno ambalo naliona ndilo kiini cha shauri zima: kwamba mashirikisho ya mataifa yanapaswa kuwa na masharti ya uteuzi yaliyo wazi na bayana, na kuwajulisha wachezaji kwa wakati. Austria haikuwa imetangaza masharti ya namna hiyo kwa mchezo ule.

Tuyaweke mashauri haya mawili ubavu kwa ubavu. Katika Marekani jopo la makocha lilitumia maoni yake, na katika Austria shirikisho lilitumia maoni yake. Yote mawili yalikuwa halali, na yote mawili huenda yalikuwa sahihi kimichezo. Tofauti ni kwamba Wallisch alijua tangu mwanzo wa msimu atapimwa kwa nini na na nani, na akaingia mashindanoni akiwa na elimu hiyo. Bauer alikuwa anajitahidi kufikia mstari ambao, alipoufikia, aliambiwa kwamba haukuwa mstari wenyewe. Miaka ya mazoezi ya mtu, fedha za wazazi wake, magoti yaliyopasuliwa na kushonwa, vyote vinaelekezwa mahali ambapo karatasi imesema ndiko kwenye mlango. Kuhamisha mlango baada ya safari ni tendo zito hata pale sheria inapoliruhusu. Ni kweli kwamba mahakama hiyohiyo, katika majuma hayohayo, ilimkatalia pia Clyde Getty, mwanaskii wa miruko ya angani wa Argentina, kwa kuwa hakufikisha alama za chini zilizotakiwa. Lakini yake ilikuwa habari nyingine, kwa sababu tarakimu iliyomzuia ilikuwa imeandikwa mapema na kila mtu aliweza kuisoma.

Wachezaji wasioridhika na nchi zao wana njia moja zaidi, nayo ni kuhama. FIS huruhusu mwanaskii kubadili taifa kwa masharti, yakiwamo pasipoti ya nchi mpya na idhini ya shirikisho analotoka. Dale Begg-Smith alizaliwa Vancouver, akaihama timu ya Kanada akiwa kijana mdogo kwa sababu ratiba ya mazoezi haikupatana na biashara yake, akahamia Australia, akaitwalia dhahabu ya vichuguu katika Michezo ya Torino ya 2006. Miaka minne baadaye alirudi kushindana katika mji aliozaliwa, na Alexandre Bilodeau wa Kanada akamshinda, akawa Mkanada wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika ardhi ya nchi yao. Eileen Gu, aliyekulia California, aliichagua China mwaka 2019 akiwa na miaka 15, na huko Beijing akapata dhahabu mbili na fedha moja. Yeye hakuihama Marekani kwa kukosa nafasi, kwani ingempokea kwa mikono miwili. Wanaohama kwa kukosa nafasi ni wale wa tano na wa sita wa mataifa yaliyojaa, na sioni aibu katika kuhama kwao, maadamu pasipoti ni ya haki na uhusiano na nchi mpya ni wa kweli. Kikomo cha watu wanne kiliwekwa ili milima isijae bendera moja. Hakikuwekwa ili mtu wa tano duniani akae nyumbani maisha yake yote.

Kwa mataifa ya kwetu mambo haya hayajafika katika mtindo huru, lakini katika skii nyingine yamefika. Philip Boit wa Kenya alikimbia mbio za nyika za theluji huko Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja mstarini amkumbatie. Na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, aliiwakilisha Kenya katika skii ya mteremko huko Pyeongchang mwaka 2018. Ikiwa siku moja kijana wa Kilifi au wa Arusha aliyelelewa ughaibuni atakwenda kwenye kamati ya Olimpiki ya nchi yake, akisema kwamba amefikia kiwango cha FIS katika slopustaili na anataka kupelekwa, ni vyema kamati hiyo iwe na jibu lililoandikwa kabla hajabisha hodi, kwa kuwa nchi ndogo isiyo na kanuni huweza kumtendea mchezaji wake mmoja yaleyale ambayo nchi kubwa huwatendea wengi.

Kwa hiyo sitaki hiari ya makocha iondolewe. Mchezo unaohukumiwa kwa macho unahitaji mteuzi mwenye macho, na nafasi moja katika nne ni kiasi cha haki cha kumwachia. Nataka mambo matatu yaandikwe. La kwanza, hiari itajwe inatazama nini: mwendo wa mchezaji katika majuma ya mwisho, ugumu wa miruko aliyo nayo hata kama bado hajaikamilisha mashindanoni, afya yake, au mahitaji ya shindano la timu, na lisilotajwa lisitumiwe. La pili, aliyeachwa apewe sababu kwa maandishi, na apewe siku kadhaa kabla ya majina kupelekwa, ili kama ana shauri lisikilizwe wakati bado lina maana. La tatu ni juu ya nafasi zinazoachwa na mataifa mengine na kugawanywa upya katika siku za mwisho za Januari, pale simu inapolia na shirikisho linapewa saa chache tu za kukubali au kukataa: nchi itangaze tangu vuli kama itazipokea nafasi hizo, na kwa mchezaji wa daraja gani, kwa tarakimu, ili kijana afanyaye mazoezi peke yake katika mfereji wa theluji ajue anapigania nini.